Nani Alikata Shingo ya Baiskeli Yangu?

Fundi aliikagua baiskeli yangu kwa dakika mbili hivi bila kusema kitu. Alishika usukani, akautingisha, akainama kuangalia pale unapoingia kwenye fremu, kisha akaniangalia mimi kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kijana, hii haiendi juu tena. Ilikatwa."

"Ilikatwa nini?"

"Shingo. Mwenye alikuwa nayo huko majuu aliikata. Wewe ni mrefu, yeye alikuwa mfupi. Ama labda alikuwa anapenda tu kuinama."

Hiyo ilikuwa kando ya Jogoo Road, asubuhi ya siku ya kazi, na nilikuwa na mizigo miwili ya kupeleka kabla ya saa sita. Mimi nina urefu wa sentimita 193. Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo, karo ikiwa imenishinda, na pesa kidogo zilizobaki nilinunua baiskeli ya milimani ya mitumba, ile mtaani tunaita mauntini, nikaanza kubeba vifurushi vya watu. Kwa wiki ya kwanza nilijiona mjanja. Kufikia wiki ya sita, kidole changu cha mwisho na kile kinachofuata vilikuwa vinakufa ganzi, mikono yote miwili. Usiku nilishindwa kushika simu. Asubuhi shingo ilikuwa ngumu hadi nageuka mwili mzima kuangalia gari, kama mtu aliyevaa ndoo.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Nilikuwa nimeinua kiti ili miguu yangu inyooke vizuri, kama inavyotakiwa. Lakini usukani ulibaki palepale. Kiti kikawa juu ya usukani kwa sentimita 11. Mwili wa juu ukalala mbele, uzito ukashuka kwenye viganja, na ndani ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unapita mshipa wa fahamu ambao haupendi kukandamizwa saa nane kwa siku. Shingo nayo inabidi ikunjwe nyuma ndiyo macho yaone barabara. Suluhisho ni moja tu: inua usukani. Na fundi ndiyo huyo alikuwa ananiambia hauinuki.

Chuoni nilikuwa nasomea historia, kwa hivyo swali nililoondoka nalo halikuwa "nitafanya nini" peke yake. Lilikuwa pia hili: ni nani aliyeamua kwamba urefu wa usukani ni kitu cha kukatwa kwa msumeno, mara moja, na yeyote anayekuja baadaye avumilie?

Nilienda kutafuta. Nilichokuta ni kwamba kwa muda mrefu sana haikuwa hivyo.

Wakati urefu ulikuwa bahati

Mwaka wa 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitoka barabarani na mashine ya mbao yenye magurudumu mawili, bila pedali. Ulikuwa unaikalia halafu unasukuma ardhi kwa miguu kama mtu anayekimbia akiwa ameketi. Mbele yake kulikuwa na ubao wa kuegemeza mikono. Tangu siku ya kwanza, basi, swali lilikuwepo: mwili wa juu unapumzika wapi?

Zaidi ya miaka 50 baadaye yakaja yale mabaiskeli ya ajabu ambayo umeyaona kwenye picha za zamani, gurudumu la mbele kubwa kama la trekta na la nyuma kama la kibuyu cha mtoto. James Starley wa Coventry, Uingereza, ndiye aliyeyafanya kuwa maarufu mwanzoni mwa miaka ya 1870. Pedali zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, bila mnyororo. Mzunguko mmoja wa miguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hivyo kadiri gurudumu lilivyokuwa kubwa, ndivyo ulivyoenda mbali kwa kila pigo, na kitu pekee kilichokuzuia kununua gurudumu kubwa zaidi kilikuwa urefu wa miguu yako.

Piga hesabu. Gurudumu la inchi 50 linakupeleka kama mita 4 kwa mzunguko mmoja. La inchi 60 linakupeleka karibu mita 4.8. Mtu mrefu alikuwa anapata sentimita 80 za bure kila akizungusha miguu. Na baiskeli ilinunuliwa kwa kipimo cha mguu, kama suruali. Huo ndio wakati pekee katika historia ya baiskeli ambapo jamaa wa miguu kama yangu angeingia dukani akiwa na raha.

Ubaya ni kwamba ukigonga jiwe ulikuwa unapaa juu ya usukani na kutua kwa kichwa. Mwaka wa 1885, mpwa wa Starley, John Kemp Starley, akaleta baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, miguu karibu na ardhi. Ni baiskeli tunayoijua hadi leo. Iliokoa vichwa vingi. Lakini pia ilivunja ule uhusiano wa zamani kati ya mguu na gurudumu. Kuanzia hapo magurudumu yakawa saizi moja kwa kila mtu, na tofauti zetu za miili zikaachiwa vyuma viwili vidogo: nguzo ya kiti na stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani.

Boliti moja

Kwa bahati nzuri, vile vyuma viwili vilikuwa vinasogea.

Stemu ya zamani, ambayo nitaiita stemu ya kuchomeka, ina umbo la namba 7. Mguu wake unaingia ndani ya shingo, ule mrija unaotoka kwenye uma wa mbele na kupanda kupitia fremu. Ndani ya mguu huo kuna boliti ndefu, na mwisho wa boliti kuna kabari. Ukikaza, kabari inavutwa juu na kujibana ndani ya shingo. Ukilegeza mizunguko michache na kugonga kichwa cha boliti kwa kipande cha mbao, kabari inaachia. Unainua usukani, unaunyoosha, unakaza. Dakika tano. Kitu pekee cha kuchunga ni ule mstari uliochorwa kwenye mguu wa stemu unaoonyesha mwisho wa kuinua. Ukiupita, stemu inaweza kukatika ukiwa barabarani.

Stemu ya namna hii ndiyo iliyotawala kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Hata waliotaka kuinama waliihitaji. Miaka ya 1890 vijana wa Ulaya na Marekani walianza kushusha usukani ili wakimbie, na madaktari wakalalamika kwamba kizazi kizima kitapinda mgongo. Kati ya waliokimbia kuliko wote alikuwa Marshall "Major" Taylor, Mmarekani mweusi aliyeshinda ubingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal mwaka wa 1899, wakati ambapo mashindano mengi ya kwao hayakutaka hata kumwona uwanjani. Alitumia stemu yenye mkono uliochomoza mbele, ambayo ungeweza kusogeza usukani juu yake. Hadi leo watu wanaokusanya baiskeli za zamani wanaiita stemu hiyo kwa jina lake. Bingwa wa dunia hakukubali usukani ukae pale ulipowekwa na kiwanda. Aliusogeza mpaka ukamkaa.

Na kwetu? Sisi tulipata Black Mamba. Baiskeli nyeusi, nzito, breki za vyuma badala ya waya, kerea ya nyuma inayobeba gunia au mtu. Zilianza kuja kutoka Uingereza, baadaye nyingi zikatoka Uhindi na China. Usukani wake uko juu na umepinda kurudi nyuma kukufuata, ndiyo maana wazee wanaoziendesha wanakaa wima kama wako kanisani. Pale Busia, watu waliovushwa mpakani wakiwa wamekalia kerea za baiskeli hizo ndio waliotuachia neno boda boda. Hakuna mtu angeweza kubeba abiria siku nzima akiwa amelala juu ya usukani. Kazi ilichagua mkao, na mkao ukachagua usukani.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ileile, ila juu ya baiskeli ambayo historia yake ilipita mahali pengine.

Mlimani Tamalpais

Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, kaskazini kidogo mwa San Francisco, kwenye wilaya ya Marin na mlima unaoitwa Tamalpais. Ilizaliwa kwenye takataka. Miaka ya 1970 vijana kadhaa wa huko, wengi wao waendeshaji wa mbio za barabarani, walianza kutafuta baiskeli kuukuu za matairi manene, hasa Schwinn Excelsior zilizotengenezwa Chicago kabla na karibu na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hizo zilikuwa baiskeli za vijana wadogo, wale wa kusambaza magazeti asubuhi. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo niliposimama kidogo kusoma tena, kwa sababu nilijiona. Watu wazima juu ya fremu za watoto! Tatizo la kwanza la baiskeli ya milimani lilikuwa lilelile langu: mwili mkubwa, chuma kidogo. Nao walifanya nini? Waliweka nguzo ndefu za kiti, na mbele wakafunga usukani mpana ulioinuka. Wengine walichukua usukani na vishikio vya breki kutoka kwenye pikipiki.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walikutana juu ya njia ya udongo karibu na mji wa Fairfax kuona nani ni mwepesi kushuka. Njia ile inashuka karibu mita 400 ndani ya kilomita 3 na kidogo. Breki zilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma, na kufikia chini grisi yote ilikuwa imeungua na kutoka moshi, inabidi ufungue na kupakia grisi mpya. Ndiyo maana njia hiyo iliitwa Repack, yaani pakia tena. Charlie Kelly aliandaa mbio hizo kwa miaka iliyofuata. Gary Fisher ndiye mwenye rekodi: dakika 4 na sekunde 22.

Kwenye mteremko kama huo usukani wa juu si starehe ya wazee. Ukiwa umeinama mbele na gurudumu la mbele likishuka, uzito wako uko juu ya ekseli ya mbele. Jiwe moja na unarudi kwenye ajali za miaka ya 1870. Usukani ukiwa juu, unakaa nyuma, mikono inabaki na nafasi ya kukunjika, na macho yanaona mbali.

Mwaka wa 1977 Joe Breeze alianza kutengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya njia hizo; kumi za kwanza zinajulikana kama Breezer, na moja iko kwenye makumbusho ya taifa ya Marekani, Smithsonian. Mwaka wa 1979 Fisher na Kelly walianzisha biashara wakauza fremu za Tom Ritchey. Ritchey aliunganisha usukani na stemu kuwa kitu kimoja chenye umbo la pembetatu, kigumu, kisichopinda. Mwaka wa 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani, huko Japani. 

Lakini angalia: hata huo usukani wa pembetatu ulichomekwa ndani ya shingo kwa kabari na boliti. Ulikuwa mzito na usiobadilika umbo, lakini bado ungeweza kuuinua.

Mbio zikashusha usukani

Kisha mchezo ukakua. Mwaka wa 1990 mashindano ya kwanza ya dunia yanayotambuliwa na chama cha kimataifa cha baiskeli yalifanyika Durango, Colorado. Mwaka wa 1996 baiskeli za milimani ziliingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Pesa na kamera zilifuata mbio za kuzunguka msituni, ambazo mshindi wake anapatikana kwenye kupanda.

Na kwenye kupanda, hesabu inageuka. Usukani ukiwa juu sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linainuka na kupotea njia. Kwa hivyo wakimbiaji wa miaka ya 1990 waliweka stemu ndefu, sentimita 13 au hata zaidi, zilizoelekea chini, na usukani mwembamba ulionyooka kama ufito. Kwa mtu mwenye misuli ya mgongo ya bingwa, anayekimbia saa mbili halafu anakandwa, hiyo ni sawa kabisa. Shida ni kwamba viwanda huuza picha ya bingwa. Baiskeli za dukani zikachukua mkao wa mbio, na mtu aliyetaka tu kwenda kazini akauziwa mgongo wa mtu mwingine.

Bado lakini alikuwa na boliti yake. Angeweza kuilegeza, kuinua stemu sentimita tatu, akaendelea na maisha.

Mpaka msumeno ulipokuja.

Msumeno

Mwaka wa 1992 Mmarekani John Rader alipewa hataza ya njia mpya ya kushikilia uma na usukani. Iliuzwa kwa jina la Aheadset. Badala ya stemu kuchomekwa ndani ya shingo, shingo inapita juu mpaka nje, na stemu inaishika kwa nje, kama mkono unavyoshika bomba. Hii nitaiita stemu ya kubana. Juu kuna kifuniko kidogo chenye boliti inayokandamiza gololi kwa kiasi, halafu boliti mbili za pembeni zinafunga stemu.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ni rahisi kuchora adui. Kitu hicho ni kizuri. Stemu za kuchomeka zilikuwa zinashika kutu ndani ya shingo hadi zinakataa kutoka. Gololi za shingo zililegea kwa mitikisiko ya milimani, na kuzikaza kulihitaji spana mbili kubwa ambazo hakuna mtu anazibeba mfukoni. Ukiwa na stemu ya kubana, unabeba kile kichuma kidogo kilichopinda kama herufi L, unakaza kila kitu porini. Ni nyepesi pia, na ngumu zaidi.

Kwa viwanda, faida ilikuwa kubwa kuliko hizo zote. Zamani shingo ya uma ilikuwa na nyuzi za kukaza, kama skrubu, na kila saizi ya fremu ilihitaji shingo ya urefu wake yenye nyuzi mahali pake. Wakati huohuo uma wa kufyonza mishtuko, ulioletwa na kampuni kama RockShox mwishoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa unauzwa kama kipuri cha kuongeza. Duka lilitakiwa kuweka urefu tofauti tofauti wa kitu kilekile cha bei ghali. Kwa mfumo mpya, unatengeneza uma mmoja wenye shingo ndefu, bila nyuzi. Anayeufunga anaukata kufika anapotaka.

Anayeufunga. Hapo ndipo uamuzi ulipohama. Kwa miaka yote ya stemu ya kuchomeka, urefu wa usukani uliamuliwa na anayeendesha, na angeweza kubadilisha mawazo kila Jumamosi. Sasa uliamuliwa na mwenye msumeno: kiwanda, duka, au mwenye baiskeli wa kwanza. Anayeweka pete kadhaa chini ya stemu anaacha nafasi ya kushusha na kupandisha. Anayekata mpaka mwisho ili baiskeli ionekane safi anafunga mlango. Chuma hakioti tena.

Na mtu mfupi hakupoteza chochote. Kushusha siku zote kunawezekana. Kata tu zaidi. Aliyepoteza ni mwenye kutaka kupanda. Ongeza hapo jinsi fremu zinavyokuzwa kwa saizi: kati ya fremu ndogo na kubwa ya aina moja, uma ni uleule, magurudumu ni yaleyale, na mrija wa mbele wa fremu unaongezeka sentimita chache tu. Lakini kiti cha mtu wa sentimita 193 kinaweza kuwa juu ya cha mtu wa sentimita 165 kwa zaidi ya sentimita 10. Mrefu anapanda nyuma, mbele habadilishiwi kitu.

Sidhani kuna mtu aliyekaa mezani akasema tuwaumize warefu. Walitatua matatizo ya kweli: kutu, gololi, stoo ya vipuri. Sisi hatukuwa kwenye orodha.

Waliouinua tena

Wapo waliokataa mapema. Grant Petersen aliendesha upande wa ubunifu wa baiskeli za Bridgestone huko Marekani, na ofisi hiyo ilipofungwa mwaka wa 1994 alianzisha kampuni yake ndogo, Rivendell, California. Kwa miaka yote tangu hapo amehubiri kitu kimoja bila kuchoka: usukani wako uko chini sana, uinue. Aliendelea kuuza stemu ndefu za kuchomeka wakati dunia nzima ilikuwa imezizika. Wengi walimwona kama mzee wa kelele.

Wengine waliuinua bila kukusudia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Gary Fisher, yuleyule wa Repack, alianza kusukuma magurudumu ya inchi 29 badala ya 26. Rimu kubwa zaidi ilipandisha ekseli ya mbele kwa karibu sentimita 3, na warefu walikuwa kati ya wa kwanza kuyapenda. Dan Empfield, mtu wa baiskeli za triathlon, alieneza namna ya kupima fremu kwa namba mbili: kutoka katikati ya ekseli ya pedali, mdomo wa shingo uko juu kiasi gani na mbele kiasi gani. Leo namba hizo ziko kwenye jedwali la karibu kila baiskeli inayouzwa. Ukiwa mrefu, ile ya juu ndiyo ya kuuliza kwanza.

Na baiskeli za milimani zenyewe zilirudi nyumbani. Wapenda mteremko walileta tena usukani mpana ulioinuka, stemu zikafupishwa hadi sentimita 4 au 5. Ukiona mauntini mpya leo, mkao wake unafanana zaidi na wa wale wasee wa 1976 kuliko wa mabingwa wa 1996. Lakini baiskeli zinazofika kwetu kwenye kontena za mitumba nyingi ni za kati, zile za miaka ya msumeno. Tunarithi makato ya watu.

Vidole

Nilirudi kwa fundi baada ya siku tatu. Nilikuwa nimepunguza kazi kwa sababu vidole havikuwa vinarudi hata nikilala.

Tulianza na vitu vya bei rahisi. Stemu nyingi za kubana zina mwelekeo wa digrii chache. Ikiwa imefungwa ikiangalia chini, unaitoa, unaigeuza iangalie juu. Stemu ya sentimita 9 yenye digrii 6 inakupa karibu sentimita 2 bila kutumia hata shilingi. Hiyo tulifanya palepale. Kisha tukapata usukani wa mitumba ulioinuka sentimita 3 katikati. Jumla, tano. Waya za breki zilifika kwa shida; ukiinua usukani lazima uangalie kama waya zinatosha ukikata kona mpaka mwisho, la sivyo breki itajikaza yenyewe katikati ya barabara.

Kuna pia kipande cha kurefusha shingo, unakibana juu ya iliyokatwa na stemu inashika juu yake. Fundi alikuwa nacho kimoja. Alikikataa mwenyewe: "Hiki naweka kwa mtu wa kwenda dukani. Wewe unabeba mzigo." Nilimheshimu kwa hilo.

Sentimita tano zilileta nafuu kubwa, na ganzi ikabaki asubuhi tu. Niliendelea hivyo miezi miwili, nikiweka pesa kidogo kidogo. Kisha fundi akanipigia simu. Amepata uma, umetolewa kwenye baiskeli iliyovunjika fremu, shingo yake haijakatwa.

Aliufunga siku hiyohiyo. Nilishika usukani nikiwa nimekaa, na kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile baiskeli, viwiko vyangu vilikunjika. Usukani ulikuwa sawa na kiti. Tuligundua kwamba ukipandisha kwa pete, usukani pia unarudi nyuma kidogo, kama sentimita moja kwa kila tatu, kwa sababu shingo imelala. Kwangu ilikuwa sawa. Kwa mwingine ingebidi stemu ndefu kidogo. Nilijaribu kilima kidogo na mbele ilikuwa nyepesi zaidi ya zamani, nikajifunza kuinama mwenyewe nikipanda. Hiyo naweza. Kuinama kwa hiari yangu ni jambo lingine.

Juu ya stemu kulibaki kipande cha shingo, kama sentimita nne, kikichomoza kama bomba la moshi. Fundi alikitazama akacheka, akachukua msumeno.

"Hapa tukate kidogo boss, ikae smati."

"Iache hivyo."

"Itakaa vibaya."

"Weka pete juu yake, funika, lakini usikate."

Alitikisa kichwa, akaweka pete nne na kifuniko, akakaza. Ganzi iliisha baada ya wiki tatu hivi. Ile baiskeli bado ninayo, na bado inakaa vibaya. Siku nikiiuza, anayeichukua atakuta shingo nzima, na ataamua mwenyewe.